Kuchagua Mtumbwi wa Safari ya Mtu Mmoja

Katika somo lililopita tulijifunza kuhusu vitu vinavyoelea na vitu vinavyozama. Katika somo hili tutatumia maarifa hayo kutatua jambo la maisha.

Watu wanaoishi kando ya mito, maziwa na bahari hutumia mitumbwi kila siku. Wengine huvuka mto na kurudi kwa dakika chache tu. Wengine husafiri siku tatu, nne au zaidi, wakilala ufukoni usiku na kuendelea na safari alfajiri. Msafiri wa namna hii akiwa peke yake, hana mwenzake wa kumsaidia kupiga kafi, kufua maji yaliyoingia chomboni, wala kuuvuta mtumbwi nchi kavu. Akichagua chombo kibaya, huenda asipate mtu wa kumwokoa. Kwa hiyo yampasa achague kwa akili kabla hajaondoka.

Je, mtumbwi unaomfaa ni mrefu au mfupi? Ni mpana au mwembamba? Ni mzito au mwepesi? Tuone jinsi sayansi inavyotusaidia kujibu maswali haya.

A. KWA NINI MTUMBWI HUELEA?

Kipande cha mti wa mpingo kikitiwa majini huzama. Kipande cha mti wa msufi huelea. Chuma ni kizito kuliko mpingo, lakini meli zilizotengenezwa kwa chuma huelea baharini. Basi kuelea hakutegemei tu kitu kimetengenezwa kwa nini. Fanya jaribio lifuatalo.

Jaribio la 1

Vifaa: beseni la maji na donge la udongo wa mfinyanzi lenye ukubwa wa ngumi.

Utaratibu: Litie donge katika maji. Utaona kuwa linazama. Litoe, kisha ulifinyange liwe kama bakuli lenye kuta nyembamba. Liweke taratibu juu ya maji. Utaona kuwa sasa linaelea.

Udongo ni ule ule, na uzito wake ni ule ule. Kilichobadilika ni umbo. Bakuli huhamisha maji mengi kuliko donge. Maji yanapohamishwa, nayo hukisukuma kitu hicho kuelekea juu. Jambo hili lilielezwa na mtaalamu Mgiriki aliyeitwa Archimedes, ambaye alikufa mwaka 212 kabla ya Kristo. Alieleza kuwa kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa na kitu hicho.

Mtumbwi ni kama bakuli lile. Huzama kidogo kidogo mpaka uzito wa maji uliyoyahamisha uwe sawa na uzito wa mtumbwi pamoja na vyote vilivyomo. Hapo huacha kuzama, ukaelea.

B. MZIGO WA SAFARI

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa kutumia kipimo hiki twaweza kukadiria mtumbwi utazama kiasi gani.

Tuchukue mfano wa mtumbwi wenye umbo la sanduku. Urefu wake ni sentimeta 400 na upana wake ni sentimeta 50. Ukizama sentimeta 1, huhamisha maji yenye ujazo huu:

400 × 50 × 1 = sentimeta za ujazo 20,000, yaani lita 20.

Kwa hiyo kila kilo 20 zinazotiwa ndani huuzamisha mtumbwi huo kwa sentimeta 1.

Sasa tuhesabu uzito wote wa safari ya siku tano. Mtumbwi wenyewe una kilo 80. Msafiri ana kilo 60. Amechukua maji ya kunywa lita 4 kwa kila siku, yaani lita 20, ambazo ni kilo 20. Chakula, sufuria, blanketi, kamba na nyavu ni kilo 20. Jumla ni kilo 180. Gawanya kwa 20, utapata 9. Mtumbwi utazama sentimeta 9.

Kama ubavu wa mtumbwi una kimo cha sentimeta 25, sehemu inayobaki juu ya maji ni sentimeta 16. Sehemu hiyo tuiite ubavu mkavu. Ubavu mkavu ndio unaozuia mawimbi yasiingie ndani.

Tuseme msafiri huyo amepata samaki wengi, naye akapakia kilo 100 za samaki. Mtumbwi utazama sentimeta 5 zaidi. Ubavu mkavu utakuwa sentimeta 11 tu. Wimbi dogo laweza kuuvuka ubavu huo. Maji yakiingia lita 20, uzito huongezeka kwa kilo 20, na mtumbwi huzama sentimeta 1 zaidi. Wimbi la pili huingia kwa urahisi kuliko la kwanza, na la tatu kwa urahisi kuliko la pili. Zaidi ya hayo, maji yaliyomo ndani hukimbilia upande ulioinama, yakazidi kuuinamisha mtumbwi. Mtu mmoja hawezi kupiga kafi na kufua maji kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo chombo kinavyoweza kumzamisha mtu kwa sababu ya tamaa ya mzigo.

Kumbuka kuwa mtumbwi wa kweli haukukaa kama sanduku. Umechongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Kwa sababu hiyo mtumbwi wa urefu na upana uleule huzama zaidi kuliko tulivyohesabu.

C. UPANA NA UTULIVU

Jaribio la 2

Vifaa: mbao mbili zenye urefu sawa na unene sawa, moja ikiwa na upana wa sentimeta 5 na nyingine sentimeta 15, jiwe dogo, kopo tupu, na karai kubwa la maji.

Utaratibu: (a) Elekeza mbao zote mbili zielee. Weka jiwe ukingoni mwa ubao mwembamba, kisha uliweke ukingoni mwa ubao mpana. Ni ubao upi ulioinama zaidi? (b) Weka jiwe katikati ya ubao mpana na uusukume ukingo kwa kidole. Kisha simamisha kopo katikati ya ubao, uliweke jiwe juu ya kopo, na uusukume ukingo tena. Umeona tofauti gani?

Utaona kuwa ubao mpana hauinami upesi. Unapoinama upande mmoja, sehemu kubwa ya upande huo huingia majini. Maji huisukuma juu sehemu hiyo, na ubao hurudi mahali pake. Utaona pia kuwa jiwe likiwa juu, ubao huyumba na jiwe huanguka kwa urahisi.

Mtumbwi nao ni hivyo hivyo. Mtumbwi mpana hutulia kuliko mwembamba. Vilevile mtu aliyeketi chini hutulia kuliko mtu aliyesimama, na mzigo uliolazwa chini hutulia kuliko mzigo uliorundikwa juu.

Je, basi tuchague mtumbwi mpana sana? La. Mtumbwi mpana mno huhitaji nguvu nyingi kuusukuma, na mpiga kafi aliye peke yake huchoka. Tena hawezi kulifikisha kafi majini pasipo kuinama sana. Lazima upatikane upana wa kadiri.

Umbo la kitako nalo lina maana. Mtumbwi wenye kitako bapa hutulia vizuri katika maji matulivu. Lakini katika mawimbi, kitako bapa hufuata mlalo wa wimbi. Wimbi likiinama, nao huinama. Mtumbwi wenye kitako cha mviringo kidogo huyumba mtu anapoingia, lakini hauyumbishwi sana na mlalo wa mawimbi.

D. UREFU NA MAHALI PA KUKETI

Mtumbwi mrefu hukata maji vizuri na kwenda moja kwa moja. Mtumbwi mfupi hugeuka upesi, nao hufaa katika mto wenye kona nyingi na mawe. Katika ziwa pana, mtumbwi mfupi mno humchosha msafiri, maana kila pigo la kafi huugeuza upande.

Kosa moja linalofanyika mara nyingi ni kuchukua mtumbwi uliotengenezwa kwa ajili ya watu wawili, kisha mtu mmoja akaketi nyuma kabisa. Tezi huzama na omo huinuka juu. Upepo huipiga omo iliyoinuka, ukaugeuza mtumbwi kama bendera. Msafiri hutumia nguvu zake zote kuurudisha katika njia yake, wala hasongi mbele. Aliye peke yake yafaa aketi karibu na katikati. Akiketi nyuma kidogo, aweke mzigo mbele ili omo na tezi zilingane.

E. UZITO WA CHOMBO

Mtumbwi wa gogo ni imara. Ukigonga jiwe hauvunjiki kwa urahisi. Hata ukijaa maji, gogo la mti mwepesi huendelea kuelea. Ndiyo maana mtu aliyepinduka hushauriwa akishike chombo chake, asikiache na kujaribu kuogelea mbali.

Lakini gogo lina uzito. Jioni msafiri lazima auvute mtumbwi mahali ambapo mawimbi hayaufikii. Pwani, maji hujaa na kupwa; mtumbwi ulioachwa karibu na maji yaliyokupwa waweza kuchukuliwa usiku maji yanapojaa. Mtu mmoja aweza kuviringisha mtumbwi juu ya magogo madogo ya mviringo. Kama hata kwa njia hiyo hawezi kuusogeza, basi mtumbwi huo ni mzito kupita nguvu zake.

F. SAFARI YA BWANA SEARS

Sasa tusome habari za msafiri mmoja wa Marekani. Jina lake lilikuwa George Washington Sears, naye alizaliwa mwaka 1821. Alikuwa mtu mdogo wa mwili, mwenye uzito wa karibu kilo 50. Tena alikuwa na maradhi ya kifua yaliyompunguzia nguvu. Hata hivyo alipenda kusafiri peke yake katika milima ya Adirondack, katika jimbo la New York.

Nchi ile ina maziwa mengi madogo na vijito vingi vilivyokaribiana. Msafiri huvuka ziwa moja, akafika ukingoni, akaubeba mtumbwi wake begani kupitia msituni, kisha akautia katika ziwa jingine. Mtumbwi mzito ungemshinda Bwana Sears siku ya kwanza.

Basi alimwendea fundi aliyeitwa J. Henry Rushton, akamtengenezea mitumbwi midogo ya mbao nyembamba za mwerezi. Mmoja wa mitumbwi hiyo uliitwa Sairy Gamp. Urefu wake ulikuwa karibu meta 2.7, na upana wake karibu sentimeta 66. Uzito wake haukufika kilo 5! Mwaka 1883, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, Bwana Sears alisafiri kwa mtumbwi huo karibu kilometa 430. Aliketi chini kabisa ndani ya mtumbwi, akatumia kafi lenye bapa kila upande.

Mtumbwi mdogo namna ile uliwezaje kumchukua? Jibu liko katika hesabu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1884, Bwana Sears alieleza kuwa mzigo wake wote, pamoja na mtumbwi wenyewe, haukuzidi ratili 26, yaani karibu kilo 12. Alichukua nguo chache, mfuko wa kulalia, shoka dogo, mshipi wa kuvulia na chakula cha siku mbili. Jumlisha kilo 12 na kilo 50 za mwili wake. Maji yalitakiwa kubeba kilo 62 tu.

Angalia kuwa Bwana Sears hakuanza kwa kuuliza, "Mtumbwi mzuri kuliko yote ni upi?" Aliuangalia mwili wake, mzigo wake na njia yake. Kisha akachagua chombo kilicholingana na mambo hayo matatu.

Siku hizi, mitumbwi ya mtu mmoja inayotumika Marekani na Kanada kwa safari za siku nyingi huwa mikubwa kuliko ule. Mingi ina urefu wa kati ya meta 4 na 5, na upana wa kati ya sentimeta 70 na 80. Hutengenezwa kwa mbao, alumini, plastiki au nyuzi za kioo.

G. JE, MTUMBWI ULE UNGEFAA KWETU?

Tuuchukue Sairy Gamp na kuutia katika maji ya nchi yetu.

Katika Mto Rufiji, wenyeji hutumia mitumbwi myembamba ya gogo. Mahali penye maji machache huisukuma kwa upondo, na penye kina hutumia kafi. Mto una viboko na mamba, na maji yake hubeba magogo wakati wa mafuriko. Mtumbwi wa mbao nyembamba kama kadi ungepasuka kwa kugongwa mara moja. Hapo uimara wa gogo una thamani kuliko wepesi.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilometa 650, na kina chake hufika karibu meta 1,470. Ni ziwa la pili duniani kwa kina. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa. Kuta fupi za Sairy Gamp zisingeyazuia. Hapo hutakiwa chombo chenye ubavu mkavu mrefu, na msafiri mwenye busara hupita kando ya pwani asubuhi kukiwa shwari.

Katika Bahari ya Hindi, wavuvi wetu hutumia ngalawa. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba wa gogo, mara nyingi la mwembe, ulioongezewa matengo pande zote mbili. Matengo ni vipande vya mbao vinavyoshikwa na miti miwili iliyokingama juu ya chombo. Ngalawa ikiinama upande mmoja, tengo la upande huo huingia majini, nayo maji hulisukuma juu. Kwa njia hiyo chombo chembamba hupata utulivu wa chombo kipana, bila kupoteza mwendo wake. Wahenga waliobuni ngalawa walijua kwa vitendo mambo ambayo sisi tumeyaona katika Jaribio la 2.

Hata hivyo ngalawa ina tanga, kamba na usukani. Mara nyingi huendeshwa na watu wawili au zaidi. Upepo ukichafuka, mtu mmoja hana mikono ya kutosha. Basi zipo safari ambazo hazina mtumbwi unaomfaa mtu mmoja. Katika safari hizo, jibu sahihi la sayansi ni kutafuta mwenzi au kungoja upepo utulie. Kungoja si woga. Tahadhari kabla ya hatari.

H. MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA KUCHAGUA

Msafiri wa peke yake na ajiulize haya:

1. Maji nitakayopita ni ya namna gani: mto, ziwa au bahari? Upepo huvuma lini na kutoka wapi?
2. Uzito wangu pamoja na mzigo ni kilo ngapi? Ubavu mkavu utabaki sentimeta ngapi?
3. Nikiketi ndani, je, mtumbwi hutulia? Kafi hufika majini pande zote mbili?
4. Je, naweza kuuvuta mtumbwi nchi kavu peke yangu?
5. Je, mtumbwi una nyufa? Nimechukua kata ya kufulia maji, kafi la akiba na jaketi la kujiokolea?
6. Je, watu wa nyumbani wanajua njia yangu na siku ya kurudi?

Kama jibu la swali moja si zuri, safari isianze.

MUHTASARI

Mtumbwi huelea kwa sababu maji huusukuma juu. Kila kilo inayoongezwa huuzamisha zaidi na kupunguza ubavu mkavu. Upana huleta utulivu, bali upana mno huleta uchovu. Urefu husaidia kwenda moja kwa moja, bali ufupi husaidia kugeuka. Hakuna mtumbwi mmoja unaofaa kila mahali. Mtumbwi mzuri ni ule unaolingana na maji yake, mzigo wake na mtu wake.

ZOEZI

1. Kwa nini donge la udongo huzama, na bakuli la udongo huelea?
2. Mtumbwi wenye umbo la sanduku una urefu wa sentimeta 500 na upana wa sentimeta 60. Je, ni kilo ngapi zitakazouzamisha kwa sentimeta 1?
3. Mtumbwi wa swali la 2 una uzito wa kilo 90. Umebeba mtu wa kilo 60 na mzigo wa kilo 30. Umezama sentimeta ngapi? Kama kimo cha ubavu ni sentimeta 30, ubavu mkavu ni sentimeta ngapi?
4. Eleza kwa nini si vizuri kusimama ndani ya mtumbwi mwembamba.
5. Taja mambo mawili yaliyofanya Sairy Gamp umfae Bwana Sears, na mambo mawili yanayoufanya usifae katika Ziwa Tanganyika.
6. Kazi ya kikundi: Chongeni mtumbwi mdogo kwa mti mwepesi. Ujaribuni majini ukiwa na vijiwe vilivyolazwa chini. Kisha fungeni vijiti viwili na matengo, muujaribu tena. Andikeni mliyoyaona.